Kabla hujawasha projekta, wape wenzako slaidi wazikague

Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi tunakichukulia poa: kukagua slaidi kabla ya kusimama mbele za watu. Sio kubadilisha rangi na kuongeza maua. Kukagua.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Kikundi chetu kinafuga nyuki. Tukapata nafasi ya kueleza mradi wetu mbele ya watu wenye uwezo wa kutupa mtaji. Slaidi nilichapa mimi, usiku, peke yangu, kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa. Slaidi ya 4 nikaandika: mizinga 200, mavuno kilo 30,000. Mzee mmoja pale mbele akauliza taratibu, "Kijana, mzinga wako mmoja unatoa kilo 150?" Ukumbi mzima kicheko! Hesabu yetu ilikuwa kilo 15 kwa mzinga, yaani kilo 3,000. Sifuri moja tu. Baada ya hapo hata yale ya kweli hayakusikilizwa tena. Mtaji tukaukosa, na wenzangu walikuwa wanausubiri kama mvua.

Sasa kwa nini sikuiona ile sifuri? Kwa sababu mwandishi hasomi kilichoandikwa, anasoma alichokusudia kuandika. Hata ukirudia mara kumi, jicho linapita palepale. Ndio maana unahitaji jicho la mtu mwingine.

Na usiseme kompyuta itasahihisha. Programu ikiwa imewekwa Kiingereza, Kiswahili chako karibu chote kinapigiwa mstari mwekundu, kwa hiyo kosa la kweli linajificha humohumo. Halafu kuna makosa ambayo mashine haiwezi kuyashtukia. Ukiandika "asili ya Tabora" badala ya "asali ya Tabora", maneno yote mawili ni sahihi. Binadamu tu ndiye atakayecheka.

Mfano mwingine wa hapahapa kwetu. Ukiandaa slaidi za utalii ukaandika kwamba Stanley na Livingstone walikutana Tabora, umeumbuka. Walikutana Ujiji mwishoni mwa 1871. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, walifika pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi uliofuata, Livingstone akabaki pale hadi Agosti. Mwenyeji yeyote anayeijua Tembe ya Livingstone angekurekebisha kwa dakika moja, kama ungempa asome.

Vilevile takwimu za zamani. Ukinakili slaidi za mwaka juzi unaweza kukuta mkoa wa Tabora bado una watu milioni 2.3. Hiyo ni sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3.3.

Mnadhani ni mambo ya vijijini tu? Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiligongwa bawa na kipande cha povu wakati kinaruka. Wahandisi wakaeleza tathmini yao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilileta matumaini, lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilionekana kwamba kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vya majaribio. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kikasambaratika wakati kinarudi, watu wote 7 wakafariki. Slaidi haikuwa chanzo cha ajali, lakini ripoti ya uchunguzi ya mwaka huohuo iliikosoa waziwazi. Somo: mkaguzi aulize kama kichwa cha slaidi kinasema sawa na yaliyomo chini yake.

Haya, sisi siku hizi tunafanya hivi:

1. Slaidi zikiisha, zilale usiku mmoja. Usikague ukiwa umechoka.

2. Tafuta watu watatu. Mmoja aangalie lugha na majina, hasa vyeo vya wageni. Mmoja apige hesabu zote upya kwa kikokotoo. Wa tatu awe mtu asiyejua kitu kuhusu mradi. Asipoelewa yeye, ukumbi nao hautaelewa.

3. Mmoja asome kwa sauti, mwandishi anyamaze. Ukijikuta unataka kufafanua, hapo slaidi ina tatizo.

4. Faili lishikwe na mtu mmoja tu. La sivyo mtakuwa na "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa", halafu siku yenyewe mnafungua lile la zamani. Kama mna intaneti, Google Slides inaruhusu kila mtu kuandika maoni pembeni bila kugusa kazi.

5. Maoni yawe na anwani. "Iko poa" sio maoni. Sema: "Slaidi ya 4, mstari wa 2, hesabu haikubali."

6. Jaribu kwenye kompyuta nyingine. Herufi zinaweza kuruka, picha zikagoma, flashi ikabeba virusi. Weka nakala ya PDF, nyingine jitumie kwa barua pepe.

La mwisho ndilo gumu. Wengi wetu tunaona aibu kumkosoa katibu au mtu aliyetuzidi umri. Mwambie kwa heshima, "Kaka, naomba tuangalie hapa tena," inatosha. Na wewe uliyekosolewa usinune. Bora wenzako watatu wakucheke chini ya mwembe kuliko ukumbi mzima.

Isikizya ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, na vikundi vinakuja huku kutoka mbali kutetea miradi yao. Inauma mtu atoe nauli, asubiri foleni, halafu aangushwe na sifuri.

Kazi kwenu wadau. Nani mwingine alishaumbuka na slaidi? Tupia kisa chako hapo chini.