Vipande vya Kanga ya Mama

Mara nyingi ugomvi wa msiba hauanzi siku ya mazishi. Huanza siku ya kugawana nguo.

Ndivyo ilivyotokea kwetu. Mama yetu alipofariki aliacha doti nane za kanga, safi, zimekunjwa vizuri sandukuni. Sisi mabinti tuko wanne, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: kila mmoja doti mbili. Lakini chini kabisa ya sanduku tulikuta kanga moja isiyo na mwenzake, imechakaa, na maandishi yake yamefutika. Ni ile aliyotubebea mgongoni sote wanne. Dada mkubwa aliishika upande mmoja, mdogo wetu wa mwisho akaishika upande wa pili. Hakuna aliyekubali kuiachia.

Hapo maneno yakatoka. Dada alinigeukia mimi, ambaye hata sikuwa nimeigusa kanga hiyo, akasema, "Wewe nesi, umewahudumia mama za watu wote. Wa kwako nimemwogesha mimi."

Nilinyamaza, maana ilikuwa kweli. Katika mwaka wa mwisho wa uhai wa Mama nilituma fedha na dawa, nikisingizia zamu za kazini. Tulitawanyika bila kuagana vizuri. Kanga ikarudi sandukuni.

Ushauri wa Shangazi

Baada ya miezi kadhaa Shangazi alituita. "Kama hamwezi kuigawa nzima, igaweni vipande," alisema. "Lakini mshone pamoja. Asiyekuja kushona hapati."

Tukakubaliana kukutana nyumbani kwa Dada, Iringa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Tungeshona mablanketi manne madogo ya vipande, kila mmoja lake. Kwa baridi ya kule mwezi Juni na Julai, blanketi la ziada halikosi mtu wa kufunikwa.

Jinsi tulivyofanya

Kila mmoja alitoa kanga moja kutoka katika fungu lake. Zote tulizifua kwanza na kuzipiga pasi, kwa sababu kitambaa kipya cha pamba hupungua na huweza kutoa rangi. Kijana wangu wa darasa la sita alitukatia kipimo cha mraba kwa boksi gumu, sentimita 15 kila upande. Wapo wanaodhani kushona ni kazi ya wasichana, wakati mafundi cherehani wengi mitaani ni wanaume!

Kanga ya Mama ilikuwa imechoka, hivyo ilitupatia vipande 28 tu vilivyo imara, yaani saba kwa kila mmoja. Kutoka katika zile kanga nyingine nne, kila mmoja alipata vipande 14 kwa kila kanga. Jumla ni vipande 63, vinavyopangika saba kwa upana na tisa kwa urefu. Ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, unapata blanketi la sentimita 91 kwa 117, linalomtosha mtoto au miguu ya mzee aliyeketi.

Unganisha vipande safu moja moja, kisha unganisha safu kwa safu. Safu ya katikati tuliiweka ya Mama. Chini ya vipande tandika blanketi kuukuu jembamba, na chini yake tena shuka la pamba. Piga bandi ili tabaka zote tatu zisihame, halafu shona kwa mkono ukipitisha sindano hadi chini, ukifuata mistari ya miraba. Mwisho pinda kingo na ufumue bandi. Mwenye cherehani anaweza kuunganisha safu kwa haraka, lakini kushonea tabaka tulikubaliana kufanya kwa mkono, sote tumezunguka mkeka mmoja.

Maneno ya kwenye mkeka

Nimegundua kwamba mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mdomo huwa mwepesi. Jumamosi mbili za kwanza tuliongea habari za bei ya sukari na shule za watoto. Ya tatu, Dada alianza kusimulia usiku wa Mama: jinsi alivyokuwa akimgeuza kitandani, na jinsi Mama alivyokuwa akituita wote kwa majina akidhani tumo chumbani.

Sikujitetea. Nilimwambia, "Dada, niliogopa. Kazini naona wagonjwa wakizidiwa na ninabaki imara, lakini sikuweza kumwona Mama akipungua. Nisamehe."

Hakunijibu mara moja. Alikata uzi kwa meno, kisha akaninyooshea sindano yake. "Nitungie uzi, mdogo wangu. Macho yangu hayaoni siku hizi." Nilitunga huku mikono ikitetemeka.

Sisemi kila kitu kilikwisha siku ile. Lakini tangu hapo tunaulizana hali bila kusubiri msiba.

Nilipomaliza blanketi langu nilimkumbuka Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya tisa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Hawakuonyesha mali yake. Walionyesha kazi ya mikono yake.

Neno la muuguzi

Akina mama wenzangu, si lazima muanze na kanga za marehemu. Omba mabaki ya vitenge kwa fundi wako. Kama kwenu mnafuma vitambaa vya makochi au mnasuka vikapu vya milulu, mkeka ni ule ule. Ila zingatieni haya machache. Shoneni penye mwanga wa kutosha, na kila nusu saa simameni mnyooshe mgongo. Vaeni subana kidoleni. Hesabuni sindano na pini kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kama tufanyavyo katika chumba cha upasuaji, maana mtoto anayetambaa huokota kila kitu. Na blanketi zito la namna hii lisimfunike mtoto mchanga usoni wala kichwani anapolala.

Je, yupo ndugu ambaye hamjaongea tangu mgawane vitu vya marehemu? Usimtumie ujumbe mrefu wa kulaumu. Mwalike Jumamosi, umwambie aje na sindano yake.