Sigara, Haiba na Ubongo: Kwa Nini Daktari Anauliza Kama Unavuta

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayefika kliniki ya afya ya akili huulizwa iwapo anavuta sigara. Baadhi ya ndugu huliona swali hilo kuwa la kumkaripia mgonjwa wao. Sivyo. Jibu lake laweza kubadilisha kiwango cha dawa atakachoandikiwa.

Uhusiano wa tumbaku na maradhi ya akili umejulikana kwa muda mrefu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya takwimu za nchi 20, ulionesha kuwa takribani asilimia 62 ya watu wenye skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, walikuwa wavutaji. Mwaka 2015 watafiti wa King's College London walichapisha uchambuzi mwingine na kubaini kuwa asilimia 57 ya waliofika kutibiwa maradhi ya aina hiyo kwa mara ya kwanza walikuwa tayari wanavuta. Dhana kwamba wagonjwa huanza kuvuta ili kupunguza madhara ya dawa ikapungua uzito.

Hali hiyo haiwahusu wagonjwa peke yao. Wapo watu wenye kazi na familia zao ambao haiba yao wataalamu huiita ya kiskizotipa: hushuku wenzao kupita kiasi, huona ishara za siri katika matukio ya kawaida, hupenda kujitenga, au mazungumzo yao huwa magumu kufuatilia. Sifa hizo zenyewe si ugonjwa, na imani ambazo jamii nzima inazishiriki hazihesabiwi humo. Watu wa haiba hiyo nao wameonekana katika tafiti kuvuta zaidi kuliko wengine.

Hapo ndipo linapoingia suala la nusu mbili za ubongo. Kwa watu wengi lugha hutawaliwa na nusu ya kushoto, jambo lililobainishwa na daktari wa Ufaransa, Paul Broca, katika karne ya 19. Njia mojawapo ya kulipima ni kumsikilizisha mtu neno moja katika sikio la kulia na jingine katika sikio la kushoto kwa wakati mmoja. Wengi hutaja zaidi neno la kulia, kwa kuwa sikio hilo hupeleka taarifa zake zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Baadhi ya tafiti zimekuta tofauti hiyo ikiwa ndogo kwa wenye skizofrenia au sifa za kiskizotipa.

Lakini ikiwa hao ndio wanaovuta zaidi, je, chanzo ni haiba au ni nikotini? Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kugusa umakini, na jaribio la masikio hutegemea umakini. Mtafiti asiyeuliza habari za sigara anaweza kuihesabia haiba jambo lililoletwa na moshi. Kwa hiyo anayetangaza leo kwamba sigara huharibu nusu moja ya ubongo ameutangulia ushahidi.

Kwa upande wa tiba, mambo yako wazi zaidi. Kemikali zilizomo katika moshi, wala si nikotini, huchochea ini kuvunja haraka baadhi ya dawa, zikiwemo klozapini na olanzapini, hivyo mvutaji mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, kwa mfano anapolazwa katika wodi isiyoruhusu sigara, kiwango cha dawa katika damu hupanda ndani ya siku chache. Anaweza kusinzia kupita kiasi, kupata kizunguzungu au hata degedege. Akirudi nyumbani na kuanza tena kuvuta, dawa hupungua nguvu na dalili huweza kurejea, huku familia ikimlaumu kwamba ameacha kumeza vidonge.

Kuacha sigara bado ni uamuzi wenye manufaa, hata kwa akili: uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa walioacha walipata nafuu ya wasiwasi na sonona. Kinachotakiwa ni daktari kuarifiwa mgonjwa anapoacha, anapopunguza na anapoanza upya, ili dozi irekebishwe. Viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi havibadilishi hesabu hiyo ya dawa, kwa kuwa havina moshi.