Konkriti Nene Ikipasuka, Usilaumu Simiti Pekee: Cheki Udongo wa Chini

Umewahi kupita Upper Hill usiku ukaona malori ya konkriti yamepiga foleni kwa mjengo? Usidhani ni jam ya mchana pekee wanahepa. Wanahepa joto pia.

Iko hivi. Simiti ikikutana na maji, inatoa joto. Slabu ya kawaida ya nyumba ni nyembamba, joto linatoroka mapema, hakuna stori. Lakini msingi wa ghorofa refu unaweza kuwa na unene wa mita 2 na zaidi. Hapo joto linakwama katikati na linaweza kupita nyuzi 60. Kwa hivyo mainjinia wengi huweka mipaka miwili: katikati isivuke nyuzi 70, na tofauti ya katikati na nje isizidi kama nyuzi 20. Ukivuka huo wa pili, katikati inavimba, nje inavutwa, na nyufa zinaanza.

Sasa hapa ndio watu huchomeka. Kila mtu anacheki jua na upepo wa juu, wanasahau konkriti imelalia kitu.

Udongo ukiwa moto, simiti ya chini inashika mbio na joto halina pa kwenda, so kilele kinapanda. Udongo ukiwa baridi, chini kunapoa kama katikati bado kunawaka, na tofauti inakua. Mita kadhaa chini, udongo hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima. Ndiyo maana huwezi kuchukua hesabu ya Nairobi ukaitumia Mombasa vile ilivyo.

Hiyo hesabu hufanywa na kompyuta. Programu inakata konkriti vipande vidogo, halafu saa baada ya saa inauliza kila kipande: umetoa joto ngapi, umempa jirani ngapi? Kosa ni kusimamia pale konkriti inaishia. Udongo pia lazima ukatwe vipande, mita kadhaa kwenda chini, kwa sababu ndani ya wiki moja tu joto linaweza kuzama kama mita moja.

Na hii si story mpya. Wakijenga Hoover Dam kule Marekani miaka ya 1930, walimwaga konkriti kwa mafungu na kupitisha maji baridi ndani yake kwa mabomba.

Kwa hivyo wewe unayesomea ujenzi, ama unayebeba karai saa hii, uliza swali moja kabla lori halijamwaga: kuna mtu amepima joto la udongo? Kipimajoto ni doo kidogo. Msingi ukipasuka chini ya ghorofa 20, huwezi kuuinua uchungulie. Watakaolala juu yake ni watu.