Zamu ya usiku mapokezi: kazi yenyewe, asilimia 5, na ile karatasi ya asubuhi



Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu kanifuata mbio, furaha tupu. Kapata kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Mwanza, zamu ya usiku. "Kaka, si unakaa tu, wageni wenyewe wamelala?" Nikacheka. Kazi hiyo nimeifanya miaka mitano, 2020 hadi 2025, na kuna deni nililipa ambalo halikuwa langu. Nikamkalisha nikamweleza mpaka chai ikapoa. Baadaye nikaona bora niyaandike, maana wako wengi kama yeye.

Kwanza ajue kwamba wageni hawalali. Nilipoanza, mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuamsha watu. Saa 9, saa 10 unapita unagonga milango, kwa sababu basi la Dar linaondoka Nyegezi alfajiri. Ukisahau mlango mmoja, mgeni kaachwa, na atakayetukanwa ni wewe. Mwaka 2023 Serikali iliporuhusu mabasi ya usiku, kazi ikageuka. Sasa mgeni anashuka kwenye bodaboda saa 8 usiku, kachoka, anataka maji ya moto na anataka apunguziwe bei kwa hoja kwamba usiku wenyewe umeshaisha. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi, na watu wa Sengerema na Geita waliokuwa wanapangiwa safari na kivuko nao wakaanza kuingia muda wowote.

Halafu kuna siku za meli ya Bukoba. Inasafiri usiku, inatia nanga Mwanza asubuhi, kwa hiyo kundi zima linakuja kaunta wakati wewe unahesabu dakika utoke. Vyumba havijafanyiwa usafi. Na je, mgeni wa saa 12 asubuhi analipia usiku uliopita au unaokuja? Kila hoteli ina jibu lake, ila kelele zote zinaishia kwa mtu wa mapokezi.

Katikati ya hapo unafunga hesabu za siku, unatoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD, unaandika kitabu cha wageni vizuri maana askari wakipita kukagua ndicho wanachotaka kuona. Umeme ukikatika unakimbilia jenereta. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka wanapanda juu ya maji kama moshi, wakiona taa wanahamia kwako wote. Ukizima taa za nje, mgeni anadhani mmefunga. Kitu kizuri pekee nilichokuwa nacho ni kwamba usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kutoka dirishani naziona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Nao wako kazini, nikawa najifariji hivyo.

Sasa tuje kwenye hela. Sisi tulikuwa tunaingia saa 12 jioni, tunatoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Sikujua kama kuna ubaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Yanayozidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu, na haitakiwi kupita masaa 50 katika wiki 4. Piga hesabu. Masaa 12 mara siku 6 ni 72. Toa 45, zinabaki 27 kila wiki, yaani 108 kwa wiki 4. Tulikuwa tumeshapita ukomo mara mbili na zaidi, na ovataimu yenyewe sikuwahi kuiona.

Bosi mjanja atakwambia saa moja ni ya kula, haihesabiwi. Kweli, ukifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo una haki ya kupumzika dakika 60, na mwajiri halazimiki kuzilipia. Lakini sheria hiyohiyo inasema kama katika hayo mapumziko unatakiwa ufanye kazi au uwepo tayari kwa kazi, yanalipiwa. Wewe uko peke yako kaunta, mlinzi yuko getini, utakwenda kupumzika wapi? Nilikuwa nakula wali huku simu ya mezani iko sikioni.

Kingine ni kifungu cha 20, kinachohusu kazi ya usiku. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kila saa unayofanya kazi ndani ya muda huo, unaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Chukua mshahara wa msingi wa 390,000, nimeuchagua kwa sababu unagawanyika vizuri. Kwa masaa 45 ya wiki, mwezi una masaa kama 195, kwa hiyo saa moja ni shilingi 2,000, na asilimia 5 yake ni shilingi 100. Kama masaa yako yote ya kawaida ni ya usiku, ni 19,500 kwa mwezi. Najua, sio hela ya kujengea. Lakini kwa mwaka ni 234,000, na mimi nilikaa miaka mitano.

Wakinamama pia wajue: mjamzito hatakiwi kupangwa usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Na mtu mwenye cheti cha daktari kwamba afya yake haifai kwa kazi ya usiku halazimishwi. Tena usidanganyike na cheo. Kuna hoteli zinamwita mtu "Meneja wa Usiku" ili masaa yasihesabiwe. Meneja anayeachwa nje ya vifungu hivi ni yule anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu. Wewe unamsimamia nani, feni?

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 2024 mgeni kalala siku 3, chumba 60,000, jumla 180,000, atalipa akiondoka. Akaondoka saa 10 alfajiri, bodaboda inamsubiri nje, akanionyesha meseji ya malipo kwenye simu yake. Simu inayopokea malipo ya hoteli usiku ilikuwa inalala nyumbani kwa bosi. Nikapiga mara nne, haipokelewi. Nikamwachia. Asubuhi ikaonekana meseji ilikuwa feki.

Nikakalishwa kaunta, macho mekundu, nikapewa karatasi: nakubali kukatwa. Nikasaini ili nikalale. Mshahara wangu ulikuwa 300,000. Mwisho wa mwezi nikapewa 120,000.

Wengi tunadhani ukishasaini imekwisha. Hapana. Ili ukatwe kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Robo yangu ilikuwa 75,000. Na hilo la kosa lingejadiliwa, maana simu ya kuhakikishia malipo sikuwa nayo mimi.

Pa kulalamika pako: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA, na Mwanza ina ofisi. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na wanaanza na usuluhishi kabla ya uamuzi. Shida ni muda. Ukifukuzwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko, na kwa migogoro mingine kama makato ni siku 60. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya maana. Mimi haya nimeyajua miezi mitano baadaye, kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa hana usingizi, tukawa tunapiga stori pale kaunta.

Kijana wangu nimemwambia anunue daftari lake mwenyewe. Aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, saa aliyompigia bosi simu na kama ilipokelewa. Na karatasi yoyote ya asubuhi aombe kwenda nayo nyumbani, akaisome akiamka. Kaniuliza wakikataa je? Nimemwambia aandike na hilo, na tarehe.

Ameanza Jumatatu. Bado hajalipwa mshahara wa kwanza, tutaona hiyo asilimia 5 kama ipo.