Kitani, soya na ufuta: mbegu zinazoshika rekodi wakati wa ukomo wa hedhi

Kati ya miaka 45 na 55, wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi. Ovari hupunguza kutoa estrojeni, na hapo huanza vipindi vya joto la ghafla na jasho la usiku. Mimea nayo ina kemikali zenye umbo linalokaribia homoni hiyo, ziitwazo fitoestrojeni, ingawa nguvu zake ni ndogo mno. Zimejaa hasa kwenye mbegu. Hizi hapa rekodi za mbegu hizo, na si kila bingwa wa mizani huleta nafuu.

Yenye nyingi zaidi: kitani
Mwaka 2006 timu ya Lilian Thompson wa Chuo Kikuu cha Toronto ilipima vyakula vinavyoliwa Kanada. Gramu 100 za kitani zilikutwa na takriban miligramu 379 za fitoestrojeni, karibu zote za aina ya lignani. Soya ilifuata kwa mbali: miligramu 104. Kijiko kikubwa cha kitani kilichosagwa, gramu 7 hivi, kina kama miligramu 26. Kisagwe kwanza, kwani ganda lake ni gumu na mbegu nzima huweza kutoka tumboni kama ilivyoingia.

Iliyochunguzwa zaidi: soya
Fitoestrojeni zake ziitwazo isoflavoni, hasa jenisteini, hunasa zaidi kwenye kipokezi cha estrojeni cha aina ya beta kuliko cha alfa. Kipokezi hicho cha beta kilijulikana mwaka 1996 tu, kupitia watafiti wa Sweden. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti 62 za tiba za mimea, zenye wanawake 6,653. Fitoestrojeni zilipunguza joto la ghafla kwa wastani wa mara 1.3 kwa siku, na ukavu wa uke ukapungua pia. Jasho la usiku halikubadilika.

Iliyo karibu zaidi na jiko letu: ufuta
Wakulima wa Lindi na Mtwara wanaujua kama zao la biashara. Vipimo vya Uholanzi vya mwaka 2005 viliupa miligramu 29 za lignani kwa gramu 100, dhidi ya 301 za kitani. Hata hivyo, mwaka 2006 wanawake wa Taiwan waliokoma hedhi walikula gramu 50 za unga wa ufuta kila siku kwa wiki tano, na kolesteroli yao mbaya ikashuka kwa karibu asilimia 10. Hilo si dogo, maana hatari ya maradhi ya moyo hupanda hedhi ikikoma. Kashata za ufuta hazihesabiki hapa: sukari yake ni nyingi.

Kiwanda kikubwa zaidi: utumbo
Bakteria wa tumboni ndio hugeuza lignani kuwa enterolaktoni, na deidzeini, isoflavoni nyingine ya soya, kuwa ikwoli, yenye nguvu kuliko deidzeini yenyewe. Kondoo hutengeneza ikwoli kwa wingi: miaka ya 1940, majike waliolishwa klova, majani yenye isoflavoni, huko Australia Magharibi walishindwa kushika mimba. Kwa binadamu bahati hutofautiana. Japani, China na Korea karibu nusu ya watu au zaidi huweza kuitengeneza. Katika nchi za Magharibi ni robo hadi theluthi. Ndiyo maana wanawake wawili hula soya ileile, mmoja akapata nafuu na mwingine asione kitu.

Anguko kubwa zaidi: kitani tena
Mwaka 2007 jaribio dogo la hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani, lisilo na kundi la kulinganisha, lilionyesha joto la ghafla likipungua kwa nusu. Mwaka 2012 jaribio la wanawake 188 likafanywa kwa uangalifu zaidi: wengine walikula vipande vya kitafunwa vyenye kitani, wengine visivyo nacho. Katika kila kundi, zaidi kidogo ya theluthi walipata punguzo la nusu. Waliokula kitani hawakuwashinda waliokula vipande vitupu.

Punguzo kubwa zaidi: asilimia 84
Lilitangazwa Marekani mwaka 2021, kwa wanawake 38. Waliokula vyakula vya mimea tupu, mafuta kidogo na nusu kikombe cha soya iliyopikwa kila siku walipunguza joto kali na la wastani kwa asilimia 84 katika wiki 12. Lakini hata wasiobadili mlo walipungukiwa kwa asilimia 42, na waliobadili walibadili mambo mengi kwa pamoja. Soya peke yake haiwezi kudai ushindi huo.

Rekodi isiyovunjwa: tiba ya homoni
Kwa kutuliza joto la ghafla, hakuna mbegu iliyoifikia. Mwongozo wa wataalamu wa Amerika Kaskazini wa mwaka 2023 kuhusu tiba zisizo za homoni haukupendekeza soya wala ikwoli kwa tatizo hilo. Mbegu hizi ziliwe kwa protini, nyuzinyuzi na mafuta yake mema. Anayekosa usingizi kwa joto aende kliniki, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti amuulize daktari kabla ya kununua vidonge vya fitoestrojeni.