Chaja Haijui Betri Yako

Ukitoka katikati ya Stockholm kwa treni kwenda kusini, utaitambua Flemingsberg kwa majengo marefu ya Grantorp yenye rangi kali. Ni ya enzi zile Uswidi ilipoazimia kujenga nyumba milioni moja, kati ya 1965 na 1974. Familia nyingi, zikiwemo zilizotoka kwetu Afrika Mashariki, hupanda ngazi moja na kushukia hiyohiyo. Kwa hiyo betri ndogo inayochajiwa chumbani mwa kijana mmoja ni jambo la jengo zima.

Nazungumzia betri za litiamu-polima, zile zinazorusha droni na kuendesha magari na boti za rimoti. Hazina ganda la chuma. Seli zake zimefungwa ndani ya mfuko mwembamba. Na chaja yake si kama ya simu. Ndani ya simu mna saketi inayoamua umeme ukome lini, wala mwenye simu haulizwi kitu. Chaja ya betri hizi humwachia mtumiaji uamuzi. Akiiseti vibaya, nayo itatii vibaya.

Jambo la kwanza la kuseti ni aina ya betri, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Seli ya litiamu-polima ya kawaida hujaa ikifika volti 4.2. Ya litiamu ya chuma na fosfeti hukomea karibu na volti 3.6. Betri za nikeli, ukoo ulioanzishwa na Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899, hufuata njia nyingine kabisa: chaja huendelea kusukuma umeme mpaka ione volti zimeshuka kidogo, ndipo ijue betri imejaa. Sasa chomeka litiamu-polima kwenye chaja iliyosetiwa nikeli. Chaja itangoja mshuko ambao kwa litiamu hauji. Volti zitapanda kupita 4.2, seli itavimba, na mwishowe inaweza kulipuka moto.

Cha pili ni idadi ya seli. Betri ya seli tatu huandikwa volti 11.1 kwenye lebo, na ikijaa husoma 12.6. Ukiiambia chaja kwamba ni seli nne, itailenga volti 16.8, yaani 5.6 kwa kila seli. Chaja nyingi za siku hizi zitagoma, mradi umechomeka ule waya mdogo wa kusawazisha, maana kwa waya huo chaja huzihesabu seli na kuzipima moja moja. Watu huuacha kwa uvivu. Mimi naona betri isiyochomekwa waya huo haifai kuchajiwa kabisa.

Kiwango cha umeme ni hesabu nyepesi: betri ya mAh 2200 ipewe ampea 2.2, ya mAh 1300 ipewe 1.3. Lebo ikiruhusu zaidi, bado mwendo huu ndio unaoitunza betri. Weka pia kikomo cha muda, na hakikisha umesoma kioo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, kwa sababu chaja huweza kubaki na seti ya mara ya mwisho. Kaka akichaji betri ya gari lake mchana, mdogo wake akaja jioni na ya droni, seti anayoikuta si yake.

Halafu kuna baridi, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa hawana haja ya kuiwaza. Januari hapa joto hushuka chini ya sifuri mara kwa mara. Kijana anarudi kutoka uwanjani, betri imekufa ganzi, naye anaiweka kwenye chaja papo hapo. Betri ya litiamu ikichajiwa chini ya sifuri, litiamu hushindwa kuingia ndani ya kaboni iliyo upande hasi wa seli na hujilundika juu yake ikiwa metali, ikiota miiba inayoweza kutoboa utando wa katikati. Katika miaka ya 1980, Akira Yoshino wa Japani aliiondoa metali hiyo na kuweka kaboni mahali pake, ndipo betri hizi zikawa salama kuuzwa. Kazi hiyo ilimpa Nobeli ya Kemia ya 2019, pamoja na John Goodenough na Stanley Whittingham, tuzo inayotolewa hapahapa Stockholm. Anayechaji betri ya baridi anairudisha ndani yake hatari ileile. Iache sebuleni mpaka ipate joto la chumba.

Mzazi hahitaji kusomea umeme. Amuulize mwanawe: "Mwanangu, hiyo ni aina gani? Seli ngapi? Ampea ngapi?" Asiyeweza kumjibu mama kwa kusoma lebo, asianze kuchaji. Na kuchaji kufanyike mtu akiwa macho, juu ya vigae au sufuria ya chuma, mbali na mlango wa kutokea. Moto ukiwaka, toka, funga mlango nyuma yako na piga 112. Lakini ngazi zikijaa moshi na moto hauko kwako, baki ndani na mlango umefungwa.

Betri iliyovimba haichajiwi tena hata mara moja. Funika ncha za waya kwa utepe, moja moja, uipeleke kituo cha taka cha Sofielund, Gladö kvarn, katika Huddinge, manispaa ileile yenye Flemingsberg, na umwambie mhudumu kwamba imevimba kabla hujaiweka popote.