Je, Wajua? Nusu Saa ya Muziki Mfukoni
Kicheza muziki cha MPMan F10, kilichotengenezwa na kampuni ya SaeHan ya Korea Kusini na kuingia sokoni mwaka 1998, kilikuwa na hifadhi ya megabaiti 32 tu. Na kwa kuwa dakika moja ya MP3, yaani mfumo unaobana muziki kwa kuondoa sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi, huchukua takriban megabaiti moja, mwenye nacho alipata nusu saa hivi ya nyimbo, kisha akazirudia zilezile au akarudi kwenye kompyuta kuzibadilisha. Utendi mmoja mrefu wa nanga, ala ya nyuzi ya mkoa wa Kagera, Tanzania, inayosindikiza visa vya mashujaa ambavyo msomi M. M. Mulokozi alivitafiti kwa Wahaya, ungetosha kukijaza.

Huko Karagwe, mkoani Kagera, na Kyerwa iliyofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012, wengi waliupata muziki wa MP3 kwa simu ya batani na memori kadi, kipande kinacholingana na ukucha wa dole gumba, ambacho mwenye kompyuta alikijaza nyimbo kwa malipo. Ubunifu ulio bora zaidi ni huu, maana kadi ya gigabaiti 2 hubeba zaidi ya mara 60 ya kifaa kile, na ikihamishiwa kwenye redio yenye tundu la kadi, nyumba nzima husikiliza.